Diski ya Mke Mdogo

Jumatatu, 10 Machi
Mama Anneth, mwenye kampuni ya utalii inayonilisha hapa Karatu, ametangaza wakati wa chai kwamba Ijumaa atamteua mkuu wa ratiba. Wagombea wawili: mimi na Koinet. Ofisi moja, meza moja, laptopu moja kwa zamu. Atasoma ratiba za msimu za kila mmoja, kisha ataamua.

Ratiba zangu ni nzuri. Shida ni kwamba Koinet naye anaona hivyo. Nikimpitisha mgeni kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, wiki inayofuata mgeni wake naye yuko kwenye vitunguu. Nilimuuliza. Akasema vitunguu havina mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Dawa imepatikana. Diski mbili. Ya zamani ina Windows ya ofisi, Koinet achunge humo apendavyo. Ya pili yangu, mfumo wake, nenosiri langu. Laptopu ikiwaka unachagua pa kuingia. Asiyejua kuna ya pili hatachagua.

Eliud, fundi wa karibu na stendi, ameipachika palipokuwa pa CD. Zinafanana kama ndama pacha. Akanionya: nitoe nakala ya kila kitu, halafu nichomoe ya zamani kabla ya kuweka mfumo mpya, isije ikafutwa. Ya zamani iko kulia, mpya kushoto. Nitakumbuka? Nikamwambia kwetu Endulen hilo halisahauliki. Mke mkubwa hujenga kulia kwa lango, mdogo kushoto.

Nakala sikutoa. Nakala ni za watu wasiojiamini.

Jumatano, 12 Machi
Koinet kapeleka wageni kreta kutazama wanyama. Nafasi ndiyo hiyo. Nikaipindua laptopu, nikafungua skrubu, nikamchomoa mke mkubwa wa kulia na kumlaza salama kwenye droo. Nikachomeka flashi. Kompyuta ikauliza kama nina hakika ya kufuta kila kitu. Swali la dharau. Ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo!

Mfumo mpya unapendeza sana. Nikamrudisha mke mkubwa kutoka kwenye droo. Tupu. Hajawahi kuandikwa hata herufi. Ratiba zangu za msimu mzima hazipo popote.

Nikampigia mama yangu, Namunyak, Endulen, kumlalamikia fundi mwongo. Nikamweleza hatua kwa hatua. Akauliza: "Boma umelipindua miguu juu, mwanangu, halafu ukadhani kulia kumebaki palepale?"

Mtandao wa Endulen ni mbovu. Nikakata.

Alhamisi, 13 Machi
Koinet kakuta Windows haipo, na hakupiga kelele, jambo linaloudhi. Akasema kila jioni hutoa nakala ya kazi zote kwenye flashi yake, zake na zangu. Zangu hasa. Atanirudishia, mradi nimwambie Mama Anneth mwenyewe nani kaifuta Windows. Nikaomba muda wa kutafakari.

Nikatafakari. Nikamwambia Mama Anneth ni umeme ulikatika. Akanikumbusha kwamba laptopu ina betri. Koinet akairudisha flashi mfukoni.

Ijumaa, 14 Machi
Mama Anneth amesoma ratiba za Koinet kwa sauti na kuzisifu. Ya tatu inamfikisha mgeni Endulen, kwenye boma la bibi mmoja mcheshi, chai na maelezo ya malango. Nikasimama nikasema huyo bibi ni mama yangu. Mama Anneth akasema vizuri, basi zangu ziko wapi?

Koinet ndiye mkuu wa ratiba. Amenipa mkono. Akaniambia, "Mzee, mama yako nimeshampigia. Amekubali wageni. Wewe anasema upeleke sukari."

Jumamosi, 15 Machi
Nimechunguza kosa kwa utulivu. Kosa ni meza. Imewekwa vibaya, imetazama dirisha badala ya mlango. Ingekuwa imetazama mlango, kulia kungekuwa kulia.

Nimemwambia Eliud tunarudia, safari hii na diski tatu. Akasema laptopu haina nafasi ya tatu. Nikamwambia boma halikosi nafasi. Akauliza kama angalau nimetoa nakala. Nikamjibu ya nini, Koinet anazo zote.

Jumanne saa nne asubuhi Koinet anawapeleka wageni kwa mama yangu. Laptopu itabaki peke yake. Bisibisi nimeshaazima.