Kimashine Kisichotunza Siri

Alhamisi, 16 Februari

Nimepatikana. Kisukari! Cha mimba, lakini kisukari ni kisukari. Juzi nilinyweshwa gilasi ya maji ya sukari mazito kama gundi, nikatolewa damu, nikaondoka nikijisifu kwamba gilasi kama ile ningeshusha nne. Leo mkunga Sólrún kanipigia simu kiwandani, mikono yangu imo ndani ya samaki. Nilipokata simu nikaingia chumba cha barafu, nikasimama humo dakika kumi. Uso ulikuwa unawaka.

Mimi! Hallbera! Bingwa wa mji wa kula maandazi ya krimu, kumi na moja bila kuinuka, picha yangu ipo ukutani kwa mwokaji mpaka leo, krimu hadi kwenye nyusi. Mimi niliyefika Hull, nikafika Bergen, na Tenerife mara mbili. Mimi niliyetangaza kwenye dimbwi la kuogelea la maji moto, mbele ya nusu ya mji, kwamba mtoto huyu atazaliwa hapahapa, chumba kilekile nilichozaliwa mimi, na kwamba tumbo hili ni meli ya kuvunja barafu.

Sólrún kasema si kosa langu, ni kondo la nyuma linavuruga mambo. Kasema kwa upole mno. Mtu akikuambia jambo kwa upole namna ile, ujue ni kosa lako.

Masharti: kuchoma kidole mara nne kwa siku, kupima tone la damu kwa kimashine nilichopewa, kuandika daftarini. Asubuhi kabla ya kula isizidi 5.3. Saa moja baada ya kula isizidi 7.8. Nambari zikipanda na kugoma kushuka, ni sindano za insulini na kuzalia hospitali ya Akureyri, ng'ambo ya mlima, nikalale huko wiki mbili nikisubiri kama mzigo uliokosa mwenyewe. Mimi na hesabu za nukta tuliachana nikiwa na miaka kumi na sita. Zimenitafuta mpaka zimenipata.

Uamuzi: hakuna atakayejua. Mume wangu Ketill yuko baharini mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Nimemwambia kwa simu kwamba nimepungukiwa damu. Kasema nile maini. Na mama yake, Borghildur, anayekaa ghorofa ya chini, hatajua kamwe. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, anaogelea baharini kila asubuhi, Februari hii hii! Anakula uji na samaki mkavu. Akiitazama sahani yako unajiona mwizi.

Ijumaa, 17 Februari

Kidole cha kwanza. Mimi ninayepasua samaki mia kwa saa, tone moja la damu yangu likanikalisha sakafuni.

Asubuhi 5.1. Baada ya uji 7.2. Safi kabisa! Nimepima chooni huku naimba kwa sauti, maana kimashine kinalia na sakafu ya nyumba hii ni nyembamba. Watu wanaulalamikia bure ugonjwa huu.

Jumamosi, 18 Februari

Siku ya peremende, kama kila Jumamosi. Nusu bei, nchi nzima. Niliingia dukani kununua maziwa. Nilitoka na maziwa na mfuko.

Nijitetee. Nilichukua zile nyeusi za chumvi peke yake. Za chumvi! Nani amewahi kusikia chumvi ikapandisha sukari? Nimekula garini, kichwa chini, nikijifanya natafuta funguo. Mwalimu wangu wa zamani kapita akagonga kioo, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia sihitaji, meno meusi kama lami.

9.8.

Daftarini nikaandika 6.8. Mwandiko mzuri ajabu, sijapata kuandika vile tangu kipaimara. Kisha jioni ujumbe wa Sólrún: Jumatano njoo na daftari, na kimashine pia, kwa sababu kimashine kinakumbuka kila kitu.

Kinakumbuka! Kumbe nimebeba mmbea mkobani.

Nimepiga simu, nikauliza kwa niaba ya rafiki. Sólrún kasema mwambie huyo rafiki kwamba nambari moja mbili mbaya ni za kibinadamu, zikiwa nyingi ndiyo Akureyri. Basi hesabu ni rahisi. Kinachotakiwa ni kukijaza kimashine nambari nzuri. Nambari nzuri zinatoka kwenye damu nzuri. Na damu nzuri kuliko zote katika ghuba hii inakaa ghorofa ya chini, inakunywa maji ya bomba.

Mpango wa aibu. Lakini mpango.

Jumapili, 19 Februari

Siku ya Wanawake ya kwetu, mume humpa mkewe maua na keki. Ketill kaagiza keki akiwa baharini, na Borghildur ndiye aliyeipandisha ngazi, maua kwapani. Kaitua mezani akasema mwanawe kanikumbuka, nile, yeye vitu hivi hagusi. Kisha akasimama anaitazama ile keki muda mrefu kuliko mtu asiyegusa.

Nikatoa kimashine. Nikamwambia ni cha kupima nguvu za damu, kiwandani tunashindana, na mimi nimewatambia wenzangu kwamba mama mkwe wangu atawashinda wote. Tone moja tu, mama.

Akarudi nyuma kama nimechomoa kisu. "Mimi sipimwi, bibi wee! Najijua!" Akashuka ngazi bila hata kuuliza kahawa.

Maringo gani haya! Nikala kipande kimoja chembamba kwa hasira. Na cha pili, kwa maua.

8.3. Nimemwomba radhi mtoto kwa sauti. Akapiga teke. Sikujua kama amenisamehe au ananigombeza.

Jumatatu, 20 Februari

Siku ya Maandazi. Nisaidiwe.

Kila mwaka tangu niolewe, kwa desturi ya siku hii, humwamkia Borghildur kitandani na ile fimbo ya karatasi za rangi, namchapa blanketini nikipiga kelele "Andazi! Andazi!", na idadi ya fimbo ndiyo idadi ya maandazi anayodaiwa. Hulipa kumi, akanitazama nikila. Leo nimeshuka saa kumi na mbili na nusu nikakuta kitanda kitupu. Yuko jikoni na koti la kuogelea, anafunga mlango wa oveni haraka haraka. Nikauliza anaoka nini. Akasema haoki kitu, anaipasha moto oveni yenyewe.

Nilikuwa na yangu ya kuficha, sikuuliza zaidi.

Kwa mwokaji, foleni mpaka barabarani. Nilipoingia wakashangilia. Bingwa! Na mwaka huu mnakula wawili, rekodi ile leo inakufa! Mwokaji mwenyewe kaniletea sinia, watu wakaanza kuhesabu kabla sijafungua mdomo. Sijui kama niliwahi kuona aibu kama ile. Nimesimama chini ya picha yangu mwenyewe. Ningesema neno moja tu, kisukari, na wote wangenyamaza, na wangenitazama kwa ule upole wa Sólrún. Sikuweza. Nikasema nabeba, nitakula nyumbani, watunza rekodi wasinisumbue. Wakacheka.

Nyuma ya mapipa ya taka, upepo unapeperusha theluji kwa upande, nikavumbua jambo la kitaalamu: Sólrún alisema krimu yenyewe haina ubaya sana, ubaya ni mkate. Nikafunua maandazi sita nikalamba krimu. Mkate nikawapa shakwe. Nilisahau kwamba chini ya krimu kuna jamu.

8.9. Na shakwe mmoja kanifuata mpaka mlangoni, mbele ya majirani.

Jumanne, 21 Februari

Siku ya Nyama ya Chumvi. Borghildur kanialika supu ya dengu na nyama hiyo, kama kila mwaka, nikashuka na kimashine mfukoni. Nambari tatu mbaya zimo. Kesho ndiyo kesho.

Alikuwa anakata tanipu, mzizi wa kutia kwenye supu. Tanipu ngumu kama jiwe, kisu kikateleza, kidole chap! Damu. Akapiga yowe, akaniambia nilete bandeji.

Mungu anisamehe. Nilileta kipande cha kupimia damu, kile kinachochomekwa kwenye kimashine.

Nikamshika mkono kama muuguzi, nikasema tulia mama, tulia, nafuta tu, nikafikisha ncha kwenye tone. Kimashine kikahesabu. Nilikuwa tayari nacheka moyoni. Damu ya uji! Damu ya baharini!

14.1.

Nilifikiri kimeharibika. Nikamtazama. Borghildur kaisoma ile nambari, akakaa kwenye kiti polepole, damu inadondokea aproni, na nikaona kwamba haikumshangaza.

Miaka sita. Kisukari chenyewe, si cha mimba. Vidonge viko kwenye kopo la vifungo vya nguo. Ketill hajui. Hakuna anayejua isipokuwa daktari, na huyo Borghildur kamkimbia tangu mwaka jana. Anaogelea baharini ili watu wamtaje kwa hilo wasitafute lingine. Na ndani ya oveni jana asubuhi kulikuwa na maandazi manne. Akasema, "Usiniaibishe, mwanangu." Miaka minane nimeolewa, ndiyo mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Nikampatia bandeji kwanza, nikiwa nimechelewa. Kisha nikamwambia na yangu yote, mpaka shakwe. Nililia. Akasema alikwishajua tangu Ijumaa: hakuna mtu anayeimba chooni mara nne kwa siku bila ugonjwa.

Nimemwapia sitamtaja kwa mtu yeyote.

Nikiwa ngazini ndipo nikakumbuka. Kimashine! 14.1 imo ndani, na kwa jina langu! Nimebonyeza kila kitufe kilichopo. Sasa kinaonyesha mwaka 2009 na kinazungumza Kifini. 14.1 bado imo.

Jumatano, 22 Februari

Siku ya Majivu. Zahanati imejaa watoto waliovaa kama maharamia na nyuki, wanaimba wapewe peremende, ndiyo desturi ya siku hii. Borghildur ndiye aliyeniendesha. Akakaa kando yangu, bandeji kidoleni, mkoba magotini, mgongo wima.

Sólrún kasoma daftari akasema zuri sana. Kisha akawasha kimashine. Kilimchukua muda, kwa sababu ya Kifini. Akafika kwenye 14.1.

Akauliza jana nilikula nini. Nikasema supu ya dengu. Akasema supu haifanyi hivi. Nikasema bakuli nane. Akaweka kalamu chini, akaniambia, si kwa upole safari hii, kwamba naweza kumdanganya yeye na naweza kulidanganya daftari, lakini mtoto hasomi daftari. Mtoto anakunywa kilichomo.

Sijawahi kupigwa namna ile. Hata zile ngumi za Hull hazikuuma vile.

Akanyanyua simu kupiga Akureyri. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikamwona Borghildur kwa pembe ya jicho, anaushika mkoba kama usukani, na nikalimeza. Basi nitakwenda. Mtoto atazaliwa ng'ambo ya mlima, na dimbwini watasema tumbo la Hallbera lilikuwa domo tupu. Nilikuwa naangalia viatu vyangu na sivioni kwa ajili ya tumbo.

Ndipo nikasikia, "Iweke hiyo simu, binti. Damu hiyo ni yangu."

Akasema yote, wima, kama anasoma tangazo la hali ya hewa. Tanipu, kidole, kopo la vifungo. Mlango ulikuwa wazi, nyuki mmoja na maharamia wawili wanasikiliza. Akamalizia kwamba mimi nilikuwa tayari kuubeba mzigo wake mpaka Akureyri, na kwamba mimi ni mjinga, lakini ni mjinga wake.

Sólrún kafunika uso kwa mikono. Mabega yakatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Kisha akanichoma kidole mwenyewe, papo hapo: 5.0. Akafuta daftari langu lote, akaandika zile za kweli. Akasema hizi zinarekebishika kwa chakula na kutembea, nizae hapahapa kama zitatulia, na nikidanganya tena hata nusu ya nukta atanipeleka Akureyri kwa mguu. Borghildur kapewa miadi ya daktari kesho yake.

Tulitoka tumeshikana mikono. Barabarani kila mtu alikwishajua. Maharamia wana mbio. Mwokaji katoka dukani na glavu zake, nikainamisha kichwa nikingoja maneno. Akasema mama yake pia anacho. Akatupatia mkate mweusi wa nafaka ya rai.

Ijumaa, 24 Februari

Mtu mpya! Jana na leo: 4.9, 6.6, 4.8, 7.0. Nimetembea mpaka bandarini na kurudi. Nimempigia Ketill nikamwambia ukweli wote. Kauliza kama maini yalisaidia.

Daktari kamgombeza Borghildur, kampa vidonge vipya na kimashine chake, ndugu wa changu. Arudi nacho baada ya wiki mbili. Tangu hapo mama wa watu hana raha. Nimeshuka saa tisa nikamkuta mezani, mbele yake andazi la mwisho kutoka kwenye friza, na kimashine kando kama hakimu. Kaniambia haogopi bahari wala sindano, anaogopa kusomwa. Nani asiyeelewa hilo kuliko mimi?

Nikamwambia asihofu, mama, nina vidole kumi na damu yangu wiki hii ni ya kuwekwa maonyeshoni. Na hilo andazi tuligawane, ili nusu isimdhuru.

Saa moja baadaye tukapima kidole changu kwenye kimashine chake.

8.8.

Hatuelewi. Kimashine chake kitakuwa kibovu. Kesho Ketill anashuka melini. Tutajaribu kidole cha Ketill.