Kanga Yenye Doa

Jumatatu, 5 Agosti
Posa ya Tuhfa imeletwa. Si ya Abdulghani, mtoto wa kaka yangu wa Mwera, niliyemwekea binti huyu tangu anatambaa. Ni ya Shaib, mtoto wa jirani yangu Bi Tausi, mwanamke asiyefunga mdomo wala banda la kuku wake. Baba Tuhfa amekwisha lainika. Tuhfa mwenyewe anatazama chini na kutabasamu. Ishara mbaya. Nimeswali, sijatulia. Nimefagia ua mara tatu.

Jumatano, 7 Agosti
Tuhfa anasomea uganga wa hospitali Tanga mjini, yuko likizo. Leo kanieleza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa doti ya kanga. Kila mtu ana doti yake, kasema. Seli zinapogawanyika kutengeneza mbegu au yai, doti hukatwa, mtoto akapata kipande kimoja kwa mama na kimoja kwa baba. Kipande kimoja kikiwa na doa, mtu ni mzima ila anabeba. Vyote viwili, ndiyo ugonjwa.

Nikakumbuka Shaib utotoni, kila wiki homa. Alhamdulillahi! Nimemwambia Baba Tuhfa posa haijibiwi mpaka kijana apimwe. Kasema basi wapimwe wote wawili. Na Abdulghani pia, nikadakia, watu waone damu safi ilivyo.

Jumatatu, 12 Agosti
Majibu. Shaib hana doa. Tuhfa anabeba. Abdulghani anabeba. Nikasema mashine mbovu. Tuhfa akatupeleka sisi wazazi wake tukapimwa: baba yake hana, mimi nabeba. Mimi niliyedai kipimo! Kasema angeolewa na Abdulghani, kila mimba ingekuwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Kwa Shaib, hakuna atakayeugua.

Bi Tausi kaja kunipa pole na sahani ya vitumbua. Eti shoga, damu ni majaliwa. Nimekula vinne kwa hasira.

Ijumaa, 16 Agosti
Posa imejibiwa jana. Vigelegele vya Bi Tausi nadhani wamevisikia Ushongo. Nimemwachia Mungu.

Baada ya alfajiri nikamkumbuka Nasra, mdogo wake Tuhfa, anayemaliza ualimu mwakani. Nimempigia kaka: Abdulghani asubiri kidogo tu. Kaka akauliza, dada, huyu naye si tumpime kwanza? Nikamwambia ya nini. Tuhfa kapata doa kwa sababu kafanana na mimi. Nasra kachukua kwa baba yake, kuanzia pua mpaka vidole vya miguu.