Daktari, Nitumie Theluji Nirudi Kazini

Rumonge, kartiye ya nyuma ya soko

Kwa Muheshimiwa Daktari Mgeni uliyenipasua ngiri,

Amahoro, Daktari. Ni mimi Shafii, yule mkamuaji wa mawese aliyelia hata kabla ya sindano. Tumbo liko salama, murakoze sana. Leo lakini ninaleta malalamiko, na nimemwomba muuguzi Providence akutafsirie yote bila kupunguza hasira.

Siku uliyoniruhusu nirudi nyumbani ulisema, na Providence akatafsiri mbele ya bibi yangu Mariyamu, mama wa wanangu: kutembea, nitembee, kazi nzito nisiiguse mpaka siku nitakapoweza kurudia michezo ya theluji, ile ya kuvaa mbao miguuni na kuteremka mlimani. Ulisema kwa nia njema. Nadhani huko kwenu kila aliyepasuliwa anauliza hilo kwanza. Basi mimi ni mgonjwa mtiifu, nimelala nasubiri theluji. Huku Rumonge, Daktari, kitu cheupe tunachokijua ni unga wa muhogo.

Kutii kwangu ndiko kumeniletea haya yafuatayo.

1. Mariyamu hataki kuheshimu masharti yako. Mashine yetu ya kukamulia haina mota. Watu wanashika mti mrefu na kuusukuma kwa kuzunguka mpaka mawese yatoke. Mashine hiyo ni ya zamu, na zamu yetu ni Alhamisi hii. Chikichi zetu zimeshaiva, zikikosa zamu zimekwenda, na hatuna shamba lingine. Nimemwambia mvumilivu hula mbivu. Amejibu, tena mbele ya wageni, kwamba mimi nikivumilia mbivu zitaoza, na kama ninangoja theluji nikaingojee kaburini. Loo! Mtu amepasuliwa anaambiwa kaburi!

2. Sijahembwa. Wewe ni mgeni, nikueleze: kwetu mwanamke akijifungua, majirani wanamwendea na uji, kuku na Fanta ili arudishe nguvu. Hiyo ndiyo kuhemba. Jirani yetu Jovita alipasuliwa tumbo akajifungua, akahembwa mpaka nguo zikambana. Mimi nami nimepasuliwa tumbo. Nililetewa papai moja, na aliyelileta akalila. Nikiuliza, naambiwa Jovita alitoka na mtoto. Sasa je, ni kosa langu kwamba kilichotokeza kwangu mulikirudisha ndani?

3. Shemeji yangu Moussa, kaka yake Mariyamu, amejifanya mtaalamu. Alichukua barafu kwa wauza samaki, akaimwaga uani, akatangaza kwamba theluji imefika, niteleze kidogo kisha nije kwenye mti. Barafu ile ilinuka samaki, mukeke wa juzi. Nilikataa kwa heshima. Watoto wa kartiye nzima waliteleza badala yangu, na wote sasa, kwa sheria yako, wanaruhusiwa kubeba mizigo mizito.

4. Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, uchague. Ama unitumie theluji ya kufunika kilima kimoja cha Bugarama, kule juu hakuna joto sana, pamoja na mbao za miguuni na mwalimu asiye na haraka. Ama unialike huko kwenu nikacheze mpaka nipone, nami sitakaa sana, miaka michache tu. Yakishindikana yote mawili, nipe karatasi yenye muhuri: konje, ruhusa ya kutofanya kazi kwa ugonjwa, mpaka theluji itakapoanguka juu ya Ziwa Tanganyika. Nikifa kabla yake, konje hiyo irithiwe na wanangu.

Usinidhanie mvivu, Daktari. Mti ule nimeusukuma tangu sina ndevu na hakuna aliyenishinda. Ninafuata tu maneno ya mtu aliyesoma.

Nisalimie bibi yako, wakwe zako, madaktari wenzako na wote waliovunjika miguu huko milimani. Watu wa hapa wote wanakusalimu, isipokuwa Mariyamu, ambaye kwa sasa hata mimi hanisalimu.

Ni mimi niliyelazwa kwa amri yako,

Shafii

Nyongeza: Providence alichelewa kuja kuchukua barua, Alhamisi ikafika. Nilikwenda kwenye mashine kutazama tu. Mariyamu na Moussa walisukuma, mti ukagoma. Mariyamu akateleza kwenye mawese yaliyomwagika, akaanguka vibaya, akainuka bila kunitazama, akaweka tena kifua kwenye mti. Kule kutonitazama kuliniuma kuliko kisu chako. Sijui niliinuka vipi, ila nilijikuta nimeushika mti. Tulisukuma mpaka chikichi zote zikaisha, na mshono haukufunguka. Basi theluji usitume tena, na barua hii uichane. Ukweli ni kwamba niliogopa, Daktari. Niliogopa matumbo yatamwagika mbele ya watu, na mwanaume wa huku hamwambii bibi yake neno kama hilo. Nimemwambia sasa. Hakucheka. Alisema yeye ndiye aliyeogopa zaidi, kila nilipolala alikuwa anaweka mkono kifuani pangu aone kama ninapumua, na hasira zote zile zilikuwa ni za woga. Kumbe tuliumwa wawili, wewe ukapasua mmoja.