Umeme wa Stoo Yangu Uliomtikisa Fundi Wenu

Duka la Vitenge la Maniben,
Nyuma ya Soko,
Shinyanga.
9 Novemba 1994

Ndugu Meneja wa Umeme,

YAH: FUNDI WENU KUJIINGIZA KATIKA UMEME WANGU BILA RUHUSA

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba ofisini kwenu leo kuna umeme wa kuisomea. Mimi ni Maniben, mjane, muuza vitenge. Mtaani wananiita Mama Deepak. Umeniandikia nieleze kwa nini fundi wako Cornel alipigwa na umeme Jumanne ya wiki iliyopita saa nne asubuhi, juu ya nguzo iliyo kati ya duka langu na stoo yangu, wakati waya alikuwa amekwisha kuukata kwa mkono wake. Umesema pia kwamba umemsimamisha kazi mpaka maelezo yangu yafike. Haya, maelezo ndiyo haya, pamoja na malalamiko yangu, ambayo ni mengi kuliko yako.

Kwanza ujue umeme wenyewe ulitoka wapi. Tangu mgao wa umeme uanze, nimekuwa nikiuza vitenge kwa kupapasa. Mama mmoja wa Songwa alinunua cha kijani, alipofika kwake akakuta ni cha bluu, akarudi nacho pamoja na maneno nisiyoweza kuyaandika kwa meneja. Basi mwanangu Deepak akanitafutia paneli nne za jua kwa watafiti wa dhahabu waliokuwa wakivunja kambi yao Rwamgasa. Fundi redio Donatus akazipanga juu ya bati la stoo, akaziunga na betri mbili za lori na mashine anayoiita inveta, ambayo hugeuza umeme wa betri ukawa kama wa ukutani. Kisha akavuta waya mpaka dukani, akauunga kwenye nyaya zenu zile zile. Wenu ukikatika, nawasha wangu. Taa hazijui tofauti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Cornel hakubisha hodi. Hata mtu anayetaka kufunga bomba la jirani husema. Yeye alipanda tu, akakata waya unaokuja kwangu ili abadilishe kikombe cha nguzo kilichopasuka, kile cha udongo kinachoshika waya, taa zikazimika mteja akiwa ameshika vitenge viwili mkononi. Ningejuaje kwamba si mgao? Nikawasha umeme wangu, nao ukaingia dukani, ukapita kwenye mita, ukapanda nguzo, ukamkuta Cornel ameushika waya.

2. Alipiga yowe. Mteja alikimbia na vitenge vyote viwili.

3. Plaizi yake iliruka ikaanguka juu ya stoo na kupasua paneli moja, ile iliyokuwa nzuri kuliko zote.

4. Alining'inia kwenye mkanda wake, kichwa kimelala begani, nami mwenye miaka sitini na mmoja nikalazimika kukimbia mpaka stoo. Kwa hofu niliisahau hata swichi ya dukani. Nilifunga mikono kwa kitenge nikazing'oa nyaya za betri, cheche zikaruka, kitenge kikaungua. Jirani yangu Paskalia, mshonaji, akaleta ngazi, akasaidiana na msaidizi wa Cornel aliyekuwa chini ya nguzo kumteremsha. Alizirai kwa muda wa kusonga ugali mpaka ukaiva. Paskalia alikuwa amekwisha kuanza kumwombea. Ndipo Cornel akafumbua macho, akanitazama, akasema, "Mayu, umeme huu umetoka wapi?" Kuniita mama kwa Kisukuma ni heshima, nashukuru. Lakini swali kama hilo, mbele ya watu wote! Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Mama Transfoma.

5. Umeme wenu ungemwua. Wangu umemchoma kiganja tu. Kwa hiyo, ukilitazama jambo hili bila upendeleo, mimi ndiye niliyemwokoa Cornel, na bado sijapata barua ya shukrani.

6. Waya wenu saa ile haukuwa na kitu ndani. Aliyeutia umeme ni mimi. Tangu mgao uanze, hakuna mwingine mtaani hapa aliyewahi kuufanyia waya wenu wema huo. Naomba basi stoo yangu iandikwe rasmi kuwa tawi lenu, nipewe kibao cha mlangoni na kofia ngumu ya saizi ndogo, na mafundi wenu waagizwe kuniomba ruhusa kabla ya kupanda nguzo yoyote kuanzia kwangu hadi stendi.

Nisalimie mama watoto, nisalimie wahasibu, wasoma mita, na hata yule karani aliyeniandika "Bwana Mani Beni".

Ni mimi niliyeunguza kitenge kwa ajili yenu,

Maniben (Mama Deepak)

Nyongeza, 10 Novemba: Jana nilimpelekea Cornel kichiri, wali wetu wa dengu, hospitalini. Kiganja chake kimefungwa bandeji, kimekuwa kama boga, na mkewe ndiye anayemlisha. Nilikwenda na barua hii ili aisikie na kuikubali. Nikamsomea lalamiko la kwanza. Akasema, "Labda sikubisha kwa nguvu, Mama Deepak. Nisamehe." Nikaikunja barua.

Ndugu Meneja, alibisha mara tatu. Nilikuwa nimemwacha mteja dukani nikaingia stoo kutafuta vitenge zaidi. Nikamsikia mlangoni: "Hodi! Shikamoo, Mama Deepak. Kuna neno la umeme." Nilidhani umemtuma kukagua nyaya za Donatus. Nikachuchumaa kati ya betri, nikaziba mdomo kwa mkono, mpaka akaondoka. Kisha nikarudi dukani nikijiona mjanja.

Mrudishe kazini leo hii. Nyaya Donatus anazitoa kesho. Mimi mnishtaki mkipenda. Nipo dukani kila siku isipokuwa Jumapili mchana.