Nyati wa Kupeleka Nyumbani

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeanza shajara. Watu wakubwa huwa na shajara. Siku watu watakapouliza Nasor alianzaje, majibu yawe tayari.

Leo dukani, vituko. Mama Audace karudisha vitenge. Alivichukua wiki iliyopita kwenda kuchagulia nyumbani. Ndiyo desturi ya duka letu tangu enzi za marehemu Baba: mwanamke asiyependa kuchagua mbele za watu anapewa vitambaa aende navyo kwake, anakaa navyo, anabakiza anachokipenda, vingine anarudisha. Karudisha vyote. Kimoja kinanuka pilau. Na kina pindo! Kimekwenda harusini, kimecheza, kimekula, kimerudi.

Nikasema nitamtangaza mtaa mzima wa Asiatique. Dada yangu Nura, anayekalia kiti cha Baba pale kwenye kaunta kana kwamba alizaliwa nacho, akaniambia nikunje kitenge ninyamaze. Mteja akirudisha leo, kesho atanunua, ndivyo Baba alivyosema. "We Nasor, biashara hujui."

Mimi! Biashara sijui!

Kisha akatoa hukumu. Amezungumza na Mjomba Zayd wa Rumonge, mwenye ghala la mafuta ya mawese. Mjomba anatafuta mtu wa kusimamia mapipa. Ikifika Ijumaa ya wiki ijayo sijaingiza faida hata moja kwa akili yangu mwenyewe, naenda Rumonge. Faida moja tu, ya halali, aione kwa macho. Bado ana kinyongo na ile mashine ya barafu. Na wale sungura. Sungura walikufa kwa mapenzi ya Mungu.

Rumonge! Mtu kama mimi, mzaliwa wa mjini, ninukie mawese!

Jumanne, 9 Septemba

Nimeokoka. Na aliyeniokoa ni adui yangu.

Mzee Callixte, mstaafu wa benki anayeishi Rohero, huja kila asubuhi kunywa chai yetu ya tangawizi bila kununua hata uzi. Kazi yake kujisifu. Leo kajisifia stempu. Anauza na kununua stempu za zamani kwenye simu, na anasema wauzaji wenzake wanamwonea wivu. Nikamwambia sioni cha kuonea wivu. Akanieleza kwa upole ule wa kumweleza mtoto.

Utaratibu ni huu. Muuzaji anapiga picha kurasa za kitabu chake cha stempu na kuziweka mtandaoni. Wewe unachagua. Hulipi kitu! Anakutumia stempu zenyewe kwenye sanduku la posta, unakaa nazo wiki moja, unazitazama. Unayoipenda unalipia, nyingine unarudisha. Hakuna anayemjua mwenzake, kila mtu kajipa jina la kujificha. Wanakwenda kwa uaminifu tu.

Nikacheka moyoni. Si vitenge vya Mama Audace hivi!

Kisha nikaacha kucheka. Nikichukua stempu kwa Callixte "kuchagua", nikaipiga picha, nikaiweka kwenye kitabu changu mwenyewe kwa bei ya juu, nikamtumia mwingine naye achague? Yeye ananilipa, mimi namlipa Callixte, kinachobaki ni changu. Mtaji, hewa! Kuuza mali ya mtu na bado ukawa mwaminifu! Nura akijua atasema nafanya kama Mama Audace. Hata kidogo. Mama Audace alikwenda kucheza, mimi ni biashara.

Jina langu mtandaoni: Grand Comptoir du Tanganyika, yaani Duka Kuu la Tanganyika. Sanduku la posta nimeazima kwa Marcellin, fundi cherehani wa barazani kwetu. Hajapata barua tangu alipooa.

Alhamisi, 11 Septemba

Imefika! Nimechagua moja tu, ile Callixte anayoiita fahari ya kitabu chake. Stempu ya Ruanda-Urundi, picha ya nyati, na juu yake chapa ya Royaume du Burundi, Ufalme wa Burundi, ya ule mwaka wa uhuru. Chapa imepigwa kichwa chini! Mpiga chapa alisinzia, na leo usingizi wake una thamani kuliko kazi yetu sote. Pembeni kuna doa dogo la kahawa. Callixte ameandika kwamba imetoka "katika ukoo wa zamani wa mjini". Maneno ya kuongeza bei.

Huyu nyati ananitazama kama ananijua. Sijui tumeonana wapi. Baba naye alikuwa na albamu ya stempu, lakini tangu nikiwa na miaka sita, nilipobandika ukurasa mzima kwenye mlango wa choo, sikuruhusiwa hata kupumua karibu yake. Kila Idi Nura ndiye aliyefunua kurasa, mimi nasimama mlangoni. Baba alipofariki, Nura akaachiwa albamu na kiti. Mimi nikaachiwa saa isiyotembea. Inaniuma mpaka leo. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Picha iko mtandaoni. Bei nzito.

Ijumaa, 12 Septemba

MTEJA!

Anajiita Madame Liège, kama ule mji wa Ubelgiji. Mbelgiji, hakuna ubishi. Kifaransa chake kimenyooka kama shuka la hotelini. Anaomba nyati aende kwake kuchaguliwa, na ametoa namba ya sanduku la posta la hapahapa Bujumbura. Nadhani ni mtu wa mashirika ya misaada.

Ameuliza pia, kwa upole mkubwa, kama stempu hii ni yangu kweli na kama nina ruhusa ya kuiuza. Swali la mtu mwenye malezi. Nikamjibu: Madame, hii ni mali ya ukoo. Marehemu baba yangu aliniachia mimi, kwa mkono wake, mbele ya dada yangu aliyekuwa akilia. Nikaongeza kwamba kuachana nayo ni sawa na kumzika mara ya pili. Machozi yalinitoka kidogo. Naandika vizuri nikitaka.

Hakujibu kwa muda mrefu. Naamini aliguswa.

Nura leo hana hata nguvu za kunigombeza. Amekaa kwenye kiti, simu mkononi, macho mekundu. Vumbi la Septemba.

Jumapili, 14 Septemba

Tatizo. Nimemtazama nyati kwa kioo cha kukuzia. Stempu ina vimeno pembeni, na upande wa kulia vimeno viwili vimevunjika. Mwanamke wa hadhi ya Liège humpelekei kibogoyo.

Lakini mimi nimekulia kwenye vitambaa! Dukani tuna mkasi wa meno, ule wa Nura wa kukatia vipande vya mfano ili visitoke nyuzi. Nikakata upande wa kulia, taratibu. Ukapendeza, ila sasa wa kushoto ukaonekana mchovu. Nikakata wa kushoto. Kisha juu na chini, kwa haki.

Stempu imekuwa ndogo kidogo, na nyati amepoteza ncha ya pembe moja. Lakini meno sasa ni meno, mtu anayaona hata akiwa mbali. Na lile doa la kahawa limekwenda na kipande! Kazi safi. Baba angeniona leo.

Jumanne, 16 Septemba

Jana nilikwenda posta kwa miguu, jua la utosi, maana petroli hakuna tena na foleni ya magari imekuwa kama ukuta wa mji. Nyati yuko njiani kwa Liège.

Callixte anamtaka nyati wake. Anamwandikia Grand Comptoir asubuhi na jioni: tafadhali mheshimiwa, kama hununui, rudisha. Grand Comptoir amejibu kwamba mke wake bado hajaiona. Baadaye akajibu kwamba mke ameiona lakini shemeji yuko safarini. Leo kajibu kwamba ana homa. Sikujua nilijifunza wapi haya yote, mpaka Mama Audace alipoingia kuchukua vitenge vingine vya kuchagua.

Callixte mwenyewe alikuja kunywa chai, akasahau hata kujisifu. Nura alimuuliza kitu kwa sauti ndogo. Akajibu kwamba bado kidogo, bado anatazama, shemeji yake hajaiona. Sikuelewa wanazungumza nini, wala si tabia yangu kusikiliza. Nikamwambia mzee wangu, mtandaoni usiamini watu. Akaniangalia kama mtu aliyefiwa. Nilifurahi mpaka nikamwongezea sukari.

Alhamisi, 18 Septemba

Liège amempokea nyati! Amejibu mstari mmoja tu: "Nitakuja mwenyewe dukani kesho, baada ya swala ya Ijumaa."

Mbelgiji anayejua nyakati za swala! Hao ndio watu wa kufanya nao biashara. Sikumbuki kumwambia nina duka. Sifa husafiri.

Nimemwambia Nura kesho aandae macho ya kuona faida, na kwamba mgeni wangu haitapendeza anikute nimesimama kama kibarua. Nilitegemea vita. Akanyanyuka kwenye kiti cha Baba, akasema, "Sawa. Kaa." Nikakaa. Kigumu kuliko nilivyofikiri. Mama yetu, Bi Moza, alipita akaniona, akaingia ndani, ushungi machoni. Furaha ya mzazi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nitaandika haraka, nafunga mizigo.

Baada ya swala nilikaa kwenye kiti, kanzu mpya, udi. Dukani alikuwamo Mama Audace, anapekua vitambaa. Kaingia Callixte, jasho linamtoka, anamtafuta Nura amwombe siku chache zaidi. Mbelgiji hajatokea. Ndipo Nura akatoa bahasha kwenye pochi yake, akaiweka kwenye kaunta mbele yangu.

Bahasha yangu. Mwandiko wangu.

Akamtoa nyati, akamlaza juu ya kipande cha mfano cha kitenge. Meno kwa meno, yanaingiana kama zipu. Akauweka mkasi pembeni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikawahi kusema kwamba nimeibiwa, kwamba aliyekata ni huyo Liège, Wabelgiji ndivyo walivyo.

"Liège ni mi," akasema Nura.

Namba ile ya posta ni ya kikundi chao cha akina mama wa msikitini. Na nyati ni wa albamu ya Baba! Doa la kahawa lilikuwa la kikombe cha Baba mwenyewe, Idi moja; kwa doa hilo Nura alimtambua kwenye picha mtandaoni, na sanduku la posta la Marcellin likamwonyesha muuzaji ni nani. Callixte alimwomba Nura ampe nyati kwa wiki moja, eti amkadirie thamani, akatumia wiki hiyo kumuuza kama wake. Callixte alikaa juu ya robota la vitambaa, akaomba maji. Nikamwonyesha kidole. Mwizi ndiye huyu! Nura akasema wezi anawaona wawili, ila mmoja hakushika mkasi.

Mama Audace akasogea, akamtazama nyati, akatikisa kichwa. "Ata mi," akasema, "kitenge nakirudishaka kizima."

Nura akaniambia, pole pole, kwamba alikuwa anataka kumuuza nyati ili nifunguliwe kaunta yangu mwenyewe, ule upande wa dirishani. Mama ndiye aliyemwomba. Ile hukumu ya Rumonge ilikuwa ya kunitisha tu, nishtuke kidogo, Ijumaa nipewe funguo. "Mi nilikuuliza kama ni yako. Nilikuuliza vizuri. Ungesema apana, ningekupa."

Nilinyanyuka kwenye kiti.

Callixte amepigwa marufuku ya chai. Mama amenifungia sambusa za njiani na kuniambia Rumonge kuna samaki wazuri. Nura hakunitazama. Nilipomwomba nimchukue nyati, kama kumbukumbu tu, aliifunga albamu.

Nimelia. Basi. Lakini tuseme ukweli: Callixte angekuwa mtu mwaminifu, haya yasingetokea.

Jumamosi, 4 Oktoba

Rumonge. Joto, mapipa, na Mjomba Zayd, mtu mwema asiye na maono. Wateja wanasimama mlangoni, wanapima, wanalipa, wanaondoka. Biashara ya mwituni.

Nimeanzisha utaratibu mpya: mafuta ya kuchagua. Chukua debe nenda nalo nyumbani, pika, kula na watoto, usipopenda rudisha. Watu wameitikia ajabu, foleni mpaka barabarani! Mjomba akauliza utaratibu huu umetoka wapi. Nikamwambia ni wa marehemu Baba. Akanipa ufunguo wa ghala, alimpenda Baba sana.

Leo wameanza kurudisha. Madebe yamepungua kidogo, rangi imekoza, moja lilikuwa na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, anaelea. Nimemtoa ndagala, mafuta nimeyamimina pipani. Nani atajua?

Mapipa nimeyapiga picha, yako mtandaoni. Jina jipya: Huileries Royales, Mafuta ya Kifalme. Na ndani ya saa moja, Alhamdulillahi, mteja! Madame Namur. Kifaransa kimenyooka, adabu tele. Ameuliza kwa upole kama mafuta haya ni yangu kweli.

Nimemjibu: Madame, ni mali ya ukoo. Marehemu baba yangu aliniachia mimi, kwa mkono wake.