Kikombe Nilichokisukuma kwa Sababu ya Jino

Ajlun, Jumatatu

Kwa Daktari Sawsan, mganga wa meno.

Daktari mheshimiwa,

YAH: KUOMBA CHETI KWAMBA SIKUMAANISHA

Baada ya salamu na heshima, mimi ni Ustadh Mundhir, mwalimu mstaafu wa sarufi, yule uliyemng'oa gego la mwisho Alhamisi asubuhi, lile ambalo sisi huliita jino la akili. Mkono wako sina lawama nao. Ninalolalamikia ni ile karatasi uliyonipa mlangoni, yenye masharti ya kula na kupona. Karatasi hiyo, Daktari, imeniozea binti.

Naomba kueleza.

1. Alhamisi hiyohiyo, baada ya alasiri, wazee kumi na saba walikuja kumposea Mutasim, fundi wa friji, binti yangu Taghrid. Nilikubali kuwapokea kwa shabaha moja tu: kuwakatalia. Nilimfundisha Mutasim miaka mitatu, na mpaka anaondoka shuleni alikuwa bado hajui mtenda ni yupi na mtendwa ni yupi. Hotuba ya kukataa nilikuwa nayo tayari, ya dakika arobaini. Miadi ya jino aliichukua mke wangu. Nilipomuuliza mbona siku hiyo, alinijibu, "Jino halina kalenda, Baba Taghrid."

2. Karatasi yasema mgonjwa ang'ate shashi nusu saa, na damu ikiendelea ang'ate nyingine. Yangu iliendelea. Mzee Fawwaz, kiongozi wa msafara, akamaliza kumsifu kijana wao. Wewe wajua ada yetu: kahawa imemiminwa, lakini wageni hawaigusi mpaka baba wa binti awaambie wanywe, na neno hilo ndilo ridhaa. Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Mm-mm!"

"Maskini," akasema Mzee Fawwaz, "furaha imemkaba koo."

3. Nikaigeuza karatasi yako, nikaandika nyuma yake SIKUBALI, nikampa kaka yangu Ghazi awasomee. Ghazi hakuwa na miwani. Akasoma upande wako, wenye herufi kubwa zaidi: "Hongera! Lililokuwa likikusumbua limeondoka. Sasa pumzika." Daktari, ni nani anayeanza karatasi ya matibabu kwa hongera? Vigelegele vikalipuka jikoni.

4. Hapa ndipo nilipokwisha. Mtu akanitia kikombe mkononi. Karatasi yako inakataza kinywaji cha moto siku ya kwanza, na mimi ni mtu wa kuheshimu maandishi. Nikakiweka mezani, nikakisukuma mbali nami. Kikaenda kusimama mbele ya Mzee Fawwaz.

"Amesema tunywe!"

Wakanywa, wote kumi na saba kwa mpigo mmoja, kisha Fatiha ikasomwa. Mimi pia nilinyanyua mikono. Fatiha haikatwi.

5. Ikaletwa mansaf. Kondoo mzima juu ya mlima wa wali, mchuzi wa mtindi unafuka moshi. Wali ni marufuku, eti punje zitaingia shimoni. Nyama ni marufuku. Nikapewa mtindi baridi na viazi vya kuponda. Nilikaa kwenye karamu ya kunyang'anywa mwanangu nikilamba kijiko kama mtoto anayeachishwa ziwa.

6. Mutasim aliinakili karatasi. Tangu Ijumaa haondoki kwangu. Siku ya kwanza ya kusukutua maji ya chumvi alinisimamia kama askari: "Usiteme kwa nguvu, baba mkwe. Inamisha kichwa, yamwagike yenyewe." Dengu anazichuja, anazipoza, anazionja kwanza. Sigara zangu amezificha. Dada yangu Nuzha aliponiletea maji ya parachichi na mrija, Mutasim alimrukia. "Shangazi, huo mrija toa! Akifyonza tu, donge la damu linang'oka, shimo linabaki wazi, na hapo ndipo atakapolia!"

Dada yangu akamtazama kwa mahaba. "Mwenye mkwe kama huyu," akasema, "mwana wa kuzaa wa nini?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Nilikuwa pia na barafu shavuni na mdomo hauendi.

Kwa hayo, naomba:

(a) Cheti chenye mhuri kwamba kikombe kile kilisukumwa kwa sababu za kitabibu, kisomwe mbele ya wazee wote kumi na saba na mtu mwenye miwani.

(b) Karatasi iongezwe sharti: mgonjwa asipokee posa mpaka nyuzi za fizi zitolewe.

(c) Ikiwa (a) na (b) haziwezekani, nirudishiwe jino langu, turudi tulipokuwa Jumatano.

Nisalimie msaidizi wako aliyenishika mkono, mama yako mzazi aliyekulea vizuri isipokuwa katika kuandika vichwa vya habari, na wote waliopo kwenye benchi lako, uwaulize kila mmoja kama ana binti.

Wako katika uvimbe,
Ustadh Mundhir, Baba Taghrid

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuitia barua hii katika bahasha Taghrid alipoingia, akafunga mlango nyuma yake. "Baba," akasema, "sasa unaweza kusema. Kama kweli humtaki, tamka neno moja tu. Pete nitairudisha mwenyewe." Alijaribu kusimama wima, lakini kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Daktari, kinywani hapakuwa na shashi, wala damu, wala maumivu ya kutaja. Nikamwambia harusi isogezwe wiki mbili mbele, shavu lishuke kwanza, sitaki kutoka hivi kwenye picha.