Mshahara kwa Mita

Ninayo furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote, wazima na wagonjwa, kwamba lile swali lililowakosesha watu usingizi, yaani kwa nini daktari huyu analipwa hivi, yule vile, na nesi anaambulia makombo, limepatiwa jibu la kudumu. Nasema hivi nikiwa Katibu wa Kamati ya Kuoanisha Mishahara ya Watumishi wa Afya, kamati iliyokaa vikaoni muda mrefu kuliko mgonjwa yeyote alivyowahi kulazwa, na chai haikukosekana hata siku moja.

Mwanzoni tulidhani tofauti zile hazina mpangilio. Daktari bingwa anayekuja Alhamisi tu anamzidi daktari wa kila siku. Daktari wa kila siku anamzidi nesi aliyemwelekeza namna ya kupata mshipa. Nesi wa ofisini anamzidi nesi wa wodini. Mkurugenzi, ambaye akiona damu hupata kizunguzungu, anawazidi wote hao. Wajumbe walikuna vichwa. Mmoja alipendekeza tuandike kwamba ni mapenzi ya Mungu, na hoja ile nusura ipite.

Ndipo Mwenyekiti wetu, mheshimiwa ambaye akili yake hufanya kazi hata akiwa amesinzia, alipofumbua macho.

"Jamani, mbona liko wazi," alisema. "Kadiri mtu anavyokaa mbali na mgonjwa, ndivyo anavyolipwa zaidi."

Tulipitia vyeo vyote, kimoja baada ya kingine, na hatukupata hata kimoja kilichokwenda kinyume. Nesi anamshika mgonjwa kutwa nzima, na yuko chini kabisa. Mwenyekiti hajaona mgonjwa tangu ateuliwe, na yuko juu kabisa. Kumbe utaratibu ulikuwepo miaka yote, ulikosa jina tu. Tukaupa jina: Mfumo wa Mshahara kwa Mita. Na kwa kuwa sisi ni watu wa haki, tukaufungua kwa watumishi wote. Tangu siku hiyo, anayetaka kuongezwa mshahara hahitaji kuandika barua wala kugoma. Anasogea nyuma.

Mimi nilikabidhiwa futi ya fundi, ile inayojirudisha yenyewe, nikatumwa hospitali kuu kupima.

Katika wodi ya wanaume yupo sista mkuu wa zamu ambaye, kwa bahati mbaya ya kiutumishi, ni dada mkubwa wa mke wangu. Nilimkuta amepiga goti moja kitandani, anamgeuza mzee wa kitanda cha dirishani asipate vidonda vya mgongo.

"Shemeji," alisema bila kumwachia mzee, "hebu nieleweshe. Nikimshika hivi nalipwa kiasi gani?"

"Urefu wa mkono, shemeji. Ndicho kiwango cha chini."

"Na nikikaa pale mlangoni nikamwangalia tu?"

"Utapanda kwa kila mita."

"Na nikienda zangu nyumbani nikalala?"

"Hapo utakuwa umeingia ngazi ya uongozi."

Alicheka mpaka mzee naye akacheka. Halafu akaacha kucheka. Aliniambia kwamba madaktari wachanga huletwa kwake wakiwa hawajui hata kufunga bandeji ikakaa, naye huwafundisha, na kila mmoja wao huanza kazi akiwa amempita mshahara. Hakuwa na kinyongo nao. Alichotaka ni kamati itambue kwamba mikono yake nayo inafanya kazi, na imlipe hivyo. Isipofanya hivyo mwisho wa mwezi, atavua sare na kufunga virago, na mzee wa dirishani atatafuta wa kumgeuza.

Nilimjibu kwamba maombi yake yamepokelewa. Ndivyo tunavyojibu maombi yote, na jibu hilo halijawahi kuleta matatizo ofisini.

Mfumo ulipokewa vizuri kupita matarajio. Daktari mmoja kijana alifunga kipimo cha moyo kwenye mpini wa ufagio, akawa anasikiliza vifua vya watu akiwa koridoni. Wodini wakambatiza Daktari Ufagio. Bingwa wa mifupa alihamia maegesho ya magari na kutibu kwa simu. Daktari wa upasuaji alilalamika kwamba mikono yake haiwezi kurefuka, tukamtaka awe na subira. Mhudumu wa chumba cha maiti aliandika kwamba yeye hana mgonjwa hata mmoja karibu naye, kwa hiyo umbali wake hauna mwisho. Mwanasheria wetu bado anaisoma barua ile.

Mwenyekiti, kama kiongozi, alionyesha njia. Alihamisha ofisi yake ng'ambo ya barabara, kisha mwisho wa mji, kisha akahudhuria kongamano nje ya nchi. Mwezi ule futi haikufaa kitu, nikatumia ramani.

Kule kongamanoni vikao vilikuwa virefu na vinywaji vingi, na Mwenyekiti ni mtu wa heshima zake. Haondoki mezani mwenzake akiwa anahutubia. Alijibana siku nzima. Jioni alipotaka kujisaidia, mkojo ukagoma. Akapanda ndege asubuhi yake akiwa amejikunja, na kutoka uwanja wa ndege gari la ofisi likampeleka moja kwa moja hospitali kuu. Wapagazi walimlaza kitanda cha mlangoni, wodi ya wanaume, kisha wakarudi nyuma haraka, maana nao wana familia.

Nilimkuta tumbo la chini limejaa na kukaza, jasho linamtiririka. Daktari Ufagio alikuwa koridoni, ananyoosha mpini wake kupitia dirishani.

"Hapa panauma, mheshimiwa?"

"Panauma."

"Na hapa?"

"Kote kunauma, bwana, toa hicho kijiti."

Bingwa, kwa simu kutoka maegesho, alisema dalili zinaridhisha. Shemeji yangu alikuwa amesimama mlango wa mbali wa wodi, mikono nyuma.

"Huo unataka mpira wa mkojo," alisema kwa sauti ya kufika. "Ni kazi ndogo tu, unapitishwa, mkojo unatoka. Ila mpira wenyewe ni mfupi, mheshimiwa, na mimi kanuni imeniweka huku."

Mwenyekiti alimtazama, akatazama dari, kisha akanitazama mimi. "Katibu," alisema, "fanya kitu."

Nilifanya kazi yangu. Nilitoa futi. Nilimpima Daktari Ufagio, nikampima shemeji, nikamwekea bingwa makadirio. Lakini kanuni inasema kila mtumishi wa afya aliyepo hospitalini apimwe, bila kujali cheo, na kifungu hicho alikiandika Mwenyekiti mwenyewe. Nikashika ncha moja ya futi kwa mgonjwa na nyingine kwa Mwenyekiti. Futi ilikataa kufunguka.

"Sifuri, mheshimiwa," nilisema.

"Sifuri nini?"

"Mshahara. Hakuna mtumishi aliye karibu na mgonjwa kuliko wewe. Hata nesi ana urefu wa mkono."

Nimeshuhudia watu wengi wakipewa habari mbaya hospitalini, lakini sijaona aliyesahau kibofu chake namna ile. Aliinuka kwa kiwiko.

"Geuza," alisema. "Geuza kanuni. Aliye karibu ndiye alipwe zaidi, aliye mbali alipwe kidogo."

"Hilo linahitaji kikao, mheshimiwa."

"Hiki ni kikao."

"Na ajenda?"

"Katibu, ajenda iko tumboni mwangu. Lete kalamu."

Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ya kuandikia joto la mgonjwa wa jirani. Nikaandika nyuma ya karatasi hiyo, na Mwenyekiti akasaini, saini iliyopinda lakini halali. Nilipogeuka kumwita shemeji, alikuwa ameshafika kitandani na trei yake, pazia ameshalivuta.

Sitaeleza yaliyofuata, kwa kulinda hadhi ya ofisi. Nitasema tu kwamba mfuko ulijaa, ukabadilishwa, ukajaa tena, na nyuma ya pazia nilimsikia Mwenyekiti akilia taratibu kama mtu aliyesamehewa.

"Ahsante, Sista," alisema. "Saini imefanya kazi."

"Saini gani?" alijibu shemeji, akining'iniza mfuko. "Mimi glovu nilizivaa tangu ulipoingia, nilikuwa nimezificha nyuma. Ningekuja hata bila hilo karatasi lako. Ila hukuniita mimi. Ulimwita Katibu."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu sikuwa na cha kuandika.

Alipopona, alitaka kanuni irudishwe ilivyokuwa. Nilimweleza kwamba karatasi ina saini yake, na kuifuta kunahitaji wajumbe wa kutosha. Wajumbe hawakupatikana. Wote walikuwa wodini, wanagombea kushika mikono ya wagonjwa. Bingwa wa mifupa siku hizi anakuja kila siku na anachelewa kuondoka. Daktari Ufagio ameurudisha mpini kwa wafagizi. Wagonjwa nao wameleta madai, wakisema kama ni ukaribu, basi wao ndio walio karibu zaidi. Madai yao yamepokelewa. Mimi mwenyewe naandika taarifa hii nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa wa tezi, ambaye ameniomba mara mbili nimwachie nafasi ya miguu.

Shemeji hakufunga virago. Mshahara wake wa kwanza chini ya mfumo mpya ulipotoka, alimnunulia mke wangu kitenge, nami akaninunulia futi mpya, kwa kuwa ya zamani, alisema, imezoea vibaya.

Nayo nilianza kuitumia jana. Mwenyekiti alikuwa zamu ya asubuhi, sare ya kuazima imembana tumboni, amesimama hatua chache kutoka kitanda cha dirishani. Beseni la mzee alikuwa amelinyoosha mbele kwa mikono yote miwili, uso ameugeuzia ukutani. Nikapima, nikaandika mita mbili.

Shemeji hakuinua hata macho. Alikuwa amepiga goti kitandani, mzee ameegemea bega lake.

"Sogea, mheshimiwa," alisema. "Mshahara uko huku."